Magonjwa ya Akili: Yapi, na Yanatoka Wapi?

  

Leo tunazungumzia magonjwa ya akili. Najua ukisikia maneno hayo unamwaza yule mtu anayezunguka sokoni na nguo zilizochanika akiokota makaratasi. Ni kweli huyo ni mgonjwa, na mara nyingi ni mgonjwa aliyekaa miaka bila kutibiwa. Lakini wagonjwa wengi hawako sokoni. Wako nyumbani. Wanachota maji, wanapika, wanapeleka watoto shule, wanakwenda kanisani au msikitini, na ukiwajulia hali wanakujibu "salama".

Kabla hatujafika kwenye majina ya magonjwa, nataka tuzungumze kuhusu lawama, kwa sababu katika kazi yangu ya uuguzi wa jamii naona lawama ikifika nyumbani kabla ya dawa. Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono, majirani watasaidia kutafuta gari. Lakini kijana wa miaka 19 akianza kuzungumza peke yake, maswali huanza, na yote humwelekea mama. Ulimkosea nani? Mahari yako ilimalizwa? Kwenu hakuna wazimu? Ulikula nini ukiwa na mimba yake? Mama naye hujiuliza usiku kucha, na wakati anajiuliza, miezi inapita.

Usidhani ni sisi tu. Mwaka 1948 daktari mmoja mashuhuri huko Marekani, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kuhusu aina ya mama ambaye malezi yake humletea mtoto ugonjwa wa skizofrenia. Wazo hilo lilienea, na kwa miaka mingi akina mama wa huko waliokuja hospitalini na watoto wagonjwa waliangaliwa kama washtakiwa. Utafiti wa baadaye haukuliunga mkono, likaachwa. Kwa hiyo mtu akikwambia umemharibu mtoto akili kwa kumdekeza au kwa kumkaripia, jua kwamba hata wasomi walishapita njia hiyo wakarudi.

Sasa, yanatoka wapi? Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Magonjwa mengi ya akili huja hivyo hivyo, kwa mambo kadhaa yaliyokutana kwa mtu mmoja. Figa moja ni mwili wenyewe. Ubongo ni kiungo kama moyo au ini, na huweza kuugua. Kuna udhaifu unaorithiwa katika ukoo, kuna mabadiliko ya homoni baada ya kujifungua, kuna kuumia kichwani, kuna mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna maradhi kama virusi vya UKIMWI yakiachwa bila dawa. Figa la pili ni yale yaliyompata mtu maishani: kupigwa, kunajisiwa, kufiwa na mzazi akiwa mdogo, kukimbia nyumba ikiungua, kama ilivyowakuta Wakenya wengi katika ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Figa la tatu ni hali anayoishi sasa, yaani umaskini, ugomvi wa ndoa, ulevi, upweke, deni la chama lisilolipika.

Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja wanaweza kupita shida ile ile, mmoja akaugua na mwingine asiugue. Huyu aliyeugua si mvivu wala hana imani ndogo. Mafiga yake yalitimia.

Tuanze na ugonjwa wa huzuni kuu, ambao katika vitabu vingine utauona ukiitwa sonona. Kila mtu huhuzunika. Ukifiwa utalia, na ni haki yako. Ugonjwa ni pale huzuni au utupu unapokaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mtu akapoteza hamu hata ya vitu alivyovipenda. Usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Chakula hakina ladha. Mwili unakuwa mzito kama umebeba gunia. Mgonjwa anajiona hana thamani, na anajilaumu kwa mambo yasiyo yake. Hapa kwetu wengi hawasemi "nina huzuni". Wanasema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unaenda mbio, tumbo linachoma. Mtu anapimwa malaria, hana. Anapimwa taifodi, hana. Anapewa dawa za maumivu anarudi nyumbani, wiki ijayo yuko kwenye foleni tena. Ukijikuta umezunguka vituo vitatu na kila kipimo ni safi, mwambie muuguzi kuhusu mawazo yako pia, usimwambie kuhusu mgongo peke yake.

Hapa nataka nikae kidogo na mama aliyejifungua.

Siku ya tatu, ya nne au ya tano baada ya kuzaa, akina mama wengi hulia bila sababu. Anamtazama mtoto analia, anapewa uji analia. Hilo si ugonjwa. Homoni zimeshuka ghafla, usingizi hautoshi, na mwili umechoka. Kwa kawaida hupita kabla ya wiki 2, mradi tu mama anapata kulala na watu wa kumsaidia. Mabibi zetu waliomweka mzazi ndani siku 40, akakandwa maji moto na kupikiwa, walikuwa na maana yao.

Lakini machozi yakiendelea baada ya hizo wiki 2, au yakianza mwezi wa pili au wa tatu, huo ni ugonjwa wa huzuni baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea humpata karibu mama 1 kati ya 5. Fikiria benchi la kliniki ya watoto siku ya chanjo, akina mama 20 wamekaa na vitabu vyao vya mama na mtoto mikononi. Wanne kati yao wanaweza kuwa nao. Na sisi wauguzi tukiwa na haraka tutampima mtoto uzito, tutamchoma sindano, tutaandika tarehe ya kurudi, na mama ataondoka bila mtu kumwuliza yeye mwenyewe anaendeleaje.

Mama wa namna hii humtunza mtoto kama kawaida, anamwogesha, anamnyonyesha, lakini moyoni hahisi chochote. Kisha anajiogopa. "Mimi ni mama wa aina gani nisiyempenda mwanangu?" Hilo hawezi kulisema mbele ya mama mkwe. Mama mmoja aliniambia kwa sauti ndogo wakati nikimpima mtoto wake kwenye mizani, tena alisubiri mpaka mwenziwe aliyekuwa nyuma yake ageuke. Mtoto alikuwa na afya nzuri kabisa. Ukimwangalia mtoto tu usingejua lolote.

Wewe uliye jirani, dada au wifi, unaweza kumwuliza maswali mawili tu. Je, katika mwezi huu uliopita umekuwa ukijisikia mnyonge au umekata tamaa mara kwa mara? Je, umekuwa ukikosa hamu au furaha katika mambo unayofanya? Akijibu ndiyo kwa moja, mpeleke kituo cha afya. Huko ataulizwa zaidi.

Ipo hali ya tatu baada ya kuzaa, ni nadra lakini ni ya hatari. Humpata mama 1 au 2 katika kila waliojifungua 1,000, na mara nyingi huanza ndani ya wiki 2 za kwanza. Mama halali kabisa na wala hachoki. Anaongea haraka, anachanganya mambo, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au mtoto ametumwa. Saa moja yuko sawa, saa inayofuata hamjui mtu. Hii ni dharura kama kutoka damu nyingi. Usimwache peke yake na mtoto hata dakika moja, na usingoje asubuhi. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Ukitibiwa mapema, ugonjwa huu hupona vizuri sana, na mama hurudi kumlea mwanawe.

Jirani zetu Waganda wana jina lao la ugonjwa wa mzazi, amakiro, na kwa desturi ulidhaniwa kumpata mwanamke aliyetoka nje ya ndoa wakati wa ujauzito. Hebu fikiria mgonjwa huyo. Amechanganyikiwa, ana kitoto kichanga, na juu yake anaitwa mzinzi. Daktari John Cox, Mwingereza aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1970, aliandika kuhusu amakiro, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakachapisha maswali 10 waliyoyatengeneza Uskoti ya kumtambua mama mwenye huzuni baada ya kuzaa. Maswali hayo sasa hutumika nchi nyingi duniani, Kenya ikiwemo.

Tuendelee. Ugonjwa wa wasiwasi nao ni wa kawaida sana. Mtu anahofia kila kitu, mtoto akichelewa dakika 5 ameshamwona amekufa barabarani. Wengine hushikwa ghafla, moyo unapiga mbio, pumzi inakata, mikono inatetemeka, anaamini anakufa. Akifika hospitali moyo unapimwa, uko sawa. Ndugu wanasema anajifanya. Hajifanyi. Kengele ya hatari iliyo mwilini inalia bila moto. Na aliyepita jambo la kutisha, kama ajali ya matatu au kubakwa, anaweza kuendelea kuliona ndotoni na hata mchana, akashtuka kwa kelele ndogo na kukwepa mahali palipotukia. Hicho ni kiwewe, na kina matibabu ya mazungumzo yanayosaidia kweli.

Kuna bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kwa wiki kadhaa mtu ana nguvu za ajabu, halali, anatumia pesa zote, anatangaza kwamba atanunua mabasi au kwamba ametumwa kuokoa taifa. Watu hucheka, wengine humshangilia. Baadaye anaanguka katika huzuni nzito, na wale waliocheka hawapo tena. Ugonjwa huu hupitia sana kwenye ukoo. Ikiwa kwenu yupo mwenye bipola na wewe ni mjamzito, mwambie muuguzi mapema, kwa sababu uwezekano wa kupata ile dharura ya baada ya kuzaa huwa mkubwa zaidi. Na msichana anayemeza dawa iitwayo sodiamu valproeti azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba, kwani dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake, azungumze kwanza.

Skizofrenia ndiyo ambayo watu wengi humaanisha wanaposema wazimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba humpata mtu 1 kati ya kila 300. Huanza mara nyingi katika ujana wa mwisho na miaka ya ishirini, na wavulana huanza mapema kuliko wasichana. Wazazi husema, "Alirogwa alipopata alama nzuri." Kumbe ndio umri wake. Haiji siku moja. Kwanza kijana anajitenga, haogi, masomo yanashuka, anacheka peke yake. Kisha anasikia sauti zinazomtukana au kumwamuru, anaamini majirani wanamwekea sumu. Kwake sauti hizo ni za kweli kama sauti yangu hii. Usibishane naye, na usimcheke. Mwambie, "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua. Twende tukatafute msaada."

Akina baba na akina mama wenye ugonjwa huu huniuliza kama watoto wao pia wataugua. Mzazi mmoja akiwa nao, takriban watoto 9 kati ya 10 hawaupati. Mnaokataza vijana wenu kuoa kwenye nyumba fulani, hesabu hiyo muifikirie. Kinachoongeza hatari, na ambacho tunaweza kukizuia, ni bangi, hasa kwa kijana aliyeanza kuivuta akiwa mdogo. Na miraa na muguka zikitafunwa kupita kiasi, usiku na mchana bila kulala, zinaweza kumfanya mtu aone na asikie yasiyokuwepo.

Pombe nayo ina mtego wake. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, mkimfungia ndani aache kwa ghafla, anaweza kutetemeka, kupata degedege na kuona wadudu ukutani. Anaweza kufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali.

Kuna pia mambo yanayofanana na magonjwa ya akili na siyo. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo ana homa na anasema maneno yasiyoeleweka, huyo anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mpeleke mara moja, usimpeleke kwa mganga kwanza. Mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa na sukari anaweza kugombana na watu kama mlevi. Na kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, ingawa mara nyingi hutibiwa kliniki ile ile. Povu la mwenye kifafa haliambukizi, kwa hiyo msimkimbie akianguka.

Utaniuliza, na mapepo je? Na dua? Mama, mimi sigombani na anayeomba. Hata mimi naomba. Ninachogombana nacho ni muda. Anayeombewa miezi 8 huku hajaonwa na daktari, ugonjwa umepata miezi 8 ya kuota mizizi, na kadiri unavyokaa bila dawa ndivyo unavyokuwa mgumu kutibu. Mchungaji au shehe mwema hatakukataza kwenda hospitali. Akikukataza, mimi ningemtilia shaka.

Dawa zipo. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wanaosikia sauti, na wengi waliokuwa wamefungiwa maisha wakaweza kurudi makwao. Dawa hiyo bado inatumika, pamoja na nyingine mpya, na kuna sindano za kuchomwa kila mwezi kwa anayesahau vidonge. Dawa za huzuni huchukua wiki 2 hadi 4 ndipo uone nafuu, kwa hiyo usizitupe siku ya tano ukisema hazifanyi kazi. Hazimfanyi mtu mlevi. Na mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha wala asiache dawa kabla ya kuuliza, kwani zipo zinazoweza kutumika wakati wa kunyonyesha.

Sasa jambo zito. Ukimwona mtu wako amekata tamaa, anagawa vitu vyake, anasema "mtapumzika nikiondoka", mwulize wazi: Je, unafikiria kujiua? Watu huogopa kwamba kuuliza kunampa wazo. Hakumpi. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu alikuwa akingoja mtu aulize. Akisema ndiyo, kaa naye, usimwache, mpelekeni hospitali. Na siku hiyo hiyo toa nyumbani dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya panya na kamba, ficha na vidonge vyote. Wengi huamua kwa ghafla, na ile saa ikipita bila sumu kuwa karibu, mtu huokoka. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Usiogope kumleta mgonjwa wako.

Wala usimfunge kwa mnyororo. Najua kwa nini watu hufunga: wamechoka, wanaogopa atapotea au atampiga mtu. Njoo utuambie umechoka. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na kaunti zina wajibu wa kutoa huduma hizi. Si lazima ufike Mathari, Nairobi. Anza kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako au zahanati, wao watakuelekeza hospitali ya kaunti penye kliniki ya akili.

Ukija, njoo na mtu anayekaa na mgonjwa, si yule tu mwenye nauli. Tutakuuliza ilianza lini na alikuwaje kabla ya hapo. Tutataka kujua analala saa ngapi, anakula nini, anavuta au kunywa nini, aliwahi kuumia kichwani, na kama kwenu yupo mwingine aliyeugua hivyo. Jibu hilo la mwisho bila aibu, halitoki nje ya chumba. Beba dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, hata kama ni mizizi iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Hatutakugombeza. Tunataka tu kujua kilichomo mwilini kabla ya kuongeza kingine.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitazungumza kuhusu kifafa kwa watoto, na nini cha kufanya mtoto akianguka ukiwa peke yako naye. Kwa leo nakuaga. Kwaheri mama.